Mkia Upande wa Kushoto

Siku ya kuniaga, pale karakanani Downsview, Murtaza, mwenye karakana, aliniomba niwaambie vijana maneno machache. Nilisema asanteni, nikala keki (ofisini, si kwenye benchi, hata siku ya kuagwa sheria ni sheria), nikaenda kupanda basi. Kusema nikiwa nimesimama mbele ya watu kumenishinda tangu utotoni. Nikikaa na kalamu ni afadhali. Basi haya ndiyo yale maneno machache, na kama yamezidi, lawama ni za Murtaza.

Mshahara sitauzungumzia, kila mtu anaujua wake. Vyeo havikuwepo. Kulikuwa na mwenye karakana na kulikuwa na sisi.

Shule niliiacha darasa la sita, Korogwe, kwa sababu dirisha la darasa lilitazama gereji. Toka hapo sikukaa mahali. Gereji, mashine ya kusaga, kiwanda cha mkonge, duka la kuchonga funguo. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha. Hata Toronto nilifika hivyohivyo, miaka ya elfu mbili ilipoanza, na majira ya baridi ya kwanza nilipita kwenye kiwanda cha mikate, kiwanda cha magodoro na sehemu moja walipokuwa wakiosha vikapu vya hospitali. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwenye ghorofa letu kule Etobicoke kwamba mumewe anafanya utalii wa viwanda.

Karakana hii niliingia nikiwa dereva wa vifurushi. Nilitumwa kuchukua kiboksi, kidogo kama cha viatu vya mtoto, kilichokuwa juu ya kaunta. Nilikishika kwa mkono mmoja kama mtu anayebeba mkate, nacho hakikusogea. Nikatamka neno ambalo sitaliandika hapa. Mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta, mwenye shati la mistari na kalamu sikioni, akanitazama.

"Hilo neno sijalisikia tangu nitoke Singida," alisema.

Huyo ndiye Murtaza. Familia yake ilikuwa na duka la vyuma Singida kabla ya kuhamia huku. Yeye alisomea uhandisi, anaishi Thornhill, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Nikamuuliza ndani ya kiboksi kuna nini. Akasema risasi. Nikamuuliza risasi gani ziuzwe kwenye kiboksi cha viatu. Akacheka, akanionyesha: vichwa tu, vya kumimina kwa mkono kwa madini ya risasi, bila ganda wala baruti. Walionunua ni wanachama wa vilabu vya shabaha, wazee wengi wao, wenye bunduki za zamani ambazo wanazipenda kama watu wanavyopenda redio za mbao. Wanalenga karatasi. Karatasi ikitoboka pale walipotaka, wanarudi nyumbani na furaha ya wiki nzima.

Kazi kubwa ya karakana ilikuwa vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu na ndoana. Benchi la vichwa lilikuwa pembeni, chini ya feni ya kuvuta moshi. Nilisimama pale nikitazama mpaka nikachelewa vifurushi vyangu vyote vya mchana. Wiki iliyofuata nilikuwa mwajiriwa.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme. Nawaeleza nyie ambao hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Kalemie, mfupi, mwenye mabega ya seremala, na ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana ya reli akimimina beringi za mabehewa. Vita vilimtoa huko. Mke alifariki njiani kati ya nchi moja na nyingine, na huku alikaa kwa binti yake. Wajukuu walimwelewa lakini walimjibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza Papa alikuwa mtu wa maneno matatu. Karakanani alikuwa fundi, na fundi hahitaji maneno mengi.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na chupa ya maji. Aliiona kabla hajaniona mimi.

"Mayi hapana leta hapa," alisema. "Tone moja likiingia kwenye chungu, chungu kinatapika. Kinatapika juu ya uso yako."

"Nikisikia kiu je?"

"Unaenda kunywa kule, unanawa mikono, unarudi. Kiu haiko ugonjwa."

La pili lilikuwa upawa. Upawa wa kuchotea risasi iliyoyeyuka haupokezwi mkono kwa mkono. Unauweka juu ya meza, mpini ukimwelekea mwenzako, unaondoa mkono wako, ndipo naye anachukua. Alinifanya nirudie hilo mara nyingi na upawa mtupu, baridi, hadi nikajiona mjinga. Sijaungua hata mara moja kwa miaka yote ile, kwa hiyo ujinga huo nausifu.

Kumimina kwenyewe kunaonekana rahisi. Unachota, unajaza kalibu, unangoja juu pagande, unakata kikia kinachobaki mdomoni mwa kalibu, unafungua, kichwa kinaangukia kitambaani. Kalibu ikiwa ya baridi, kichwa kinatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa. Ikiwa ya moto mno, kinatoka na unga wa kijivu kama barafu ya kwenye friji. Papa alijua kwa kutazama sekunde ngapi risasi inachukua kuganda, ila hakuzihesabu. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na alikata kikia penye neno lilelile kila mara. Nilipomuuliza kama wimbo mwingine ungefaa, alifikiri kwa makini kabisa, akasema ule wa Pasaka uko haraka mno.

Kazi yangu ilikuwa kupima.

Watu wakisikia kwamba nimekaa miaka nikipanga vichwa vya risasi kwa uzito, wananionea huruma. Hawajui. Kichwa cha kumimina kinaweza kuwa kizuri kwa nje, laini, kitako kimenyooka, na ndani kina tundu la hewa. Hewa hiyo haikai katikati. Inakaa upande mmoja, na kichwa kikizunguka hewani kwa kasi ile, kinayumba kama gurudumu lisilobalansiwa. Kwenye karatasi tundu lake linakwenda mbali na mengine. Jicho halioni hewa iliyomo ndani. Mizani inaiona, kwa sababu penye hewa hapana risasi, na pasipo risasi uzito umepungua.

Ubao wangu mnaujua, bado upo. Una mifereji, na kila mfereji ni uzito mmoja: vyepesi kushoto, vizito kulia. Unapima kichwa, unakilaza kwenye mfereji wake, juu ya mwenzake. Ukimaliza trei, ubao umechora kilima. Kilima kizuri ni chembamba, kimesimama wima. Vilivyo na hewa vinaangukia kushoto, vimetawanyika, kimoja hapa, kimoja kule. Sisi tuliuita mkia. Vya mkiani vinarudi chunguni kuyeyushwa, wala hakuna hasara isipokuwa jasho.

Kuhusu mizani nina mawili tu. Usiiweke karibu na mlango. Mtu akiingia na koti lake la baridi, upepo wake peke yake unabadilisha uzito. Na usiiamini hata inapotulia. Kila nilipobadilisha trei nilipima kwanza kichwa kimoja ambacho nilikihifadhi kwa ajili hiyo. Nilikiita Hakimu. Aline, aliyekuja kushika mizani baadaye, ananiambia siku hizi amekihamishia kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi. Hakimu amekaa pabaya zaidi ya hapo.

Nilidhani nitakaa mwaka. Nikishaelewa nitaondoka. Lakini kila nilipodhani nimeelewa, kilima kilibadilika umbo. Mara tulinunua vyuma chakavu vya kubalansi tairi, na ndani yake kulikuwa na vipande vya zinki. Chungu kizima kikawa kama uji ulioshikana. Mara baridi ilikaza, kalibu zikakataa kupata moto hadi saa nne. Kila wiki palikuwa na swali, nami maswali ndiyo yaliyokuwa yakinitoa kazi nyingine. Hapa yalinikalisha.

Halafu oda zikaongezeka, na Murtaza akanunua kalibu ya pili. Ilikuwa ya aina ileile, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Papa alizimimina kwa zamu, hii inaganda huku hii inajazwa, na vichwa vyote viliangukia trei moja. Kazi ikaenda mbio. Kilima changu kikawa kinene kidogo. Nilimwambia Murtaza, akasema kilima kinene ni afadhali kuliko oda iliyochelewa, na kwa hesabu za wakati ule hakukosea.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Walter, mwalimu mstaafu aliyenunulia klabu nzima. Alikuwa mpole, na mtu mpole akilalamika inabidi ukae chini. Alikuja na karatasi zake za shabaha, akazitandaza kwenye kaunta. Kwenye kila moja matundu manne yalikuwa yamekumbatiana, sarafu ingeyafunika. La tano lilikuwa limekwenda zake.

"Hawa wanne nawafahamu," alimwambia Murtaza. "Nataka kujua huyu wa tano ni nani."

Alipoondoka, Murtaza alinikuta kwenye mizani. Chungu kilikuwa kinachemka upande wa pili na feni inanguruma, kwa hiyo Papa hakusikia.

"Rajabu, wewe ndiye unayepima. Niambie ukweli. Mkono wa Papa bado upo?"

"Upo."

"Umejibu haraka mno."

"Umeuliza swali fupi."

"Nimemwona akishika kikombe cha chai," alisema. "Kinatetemeka. Bwana, mimi simchukii. Walter akiondoka, benchi hili linafungwa, na ninyi wote wawili mnakwenda kwenye vizito vya nyavu. Nampa Papa kazi ya kufungasha maboksi, mshahara uleule, na wewe unashika upawa."

"Ukimpa maboksi, kesho yake haji."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza, bado sijamwambia yeye."

Alinipa mpaka mwisho wa wiki. Nilirudi kwenye ubao nikiwa nimeelewa jambo ambalo sikulipenda: shahidi dhidi ya mwalimu wangu ni mizani, na msemaji wa mizani ni mimi.

Lakini kulikuwa na kitu hakikukaa sawa. Kama mkono wa Papa ulikuwa unaingiza hewa, vichwa vibovu vingekuwa mkiani, na vya mkiani sikumpelekea Walter hata kimoja. Wale wa tano wake walikuwa wametoka katikati ya kilima, mahali pa wazima. Nilimweleza Papa habari yote, hata ile ya kikombe. Nisingeweza kuchunguza kazi ya mtu kwa siri akiwa amesimama mita mbili kutoka kwangu. Alisikiliza, akaendelea kumimina hadi trei ikajaa.

"Patron anasema mukono?" aliuliza.

"Anauliza."

"Kuuliza haiko kosa. Kata."

"Nikate nini?"

"Vichwa. Vile vya katikati. Unavipima kila siku kwa nje, leo fungua tumbo."

Nikavifunga kwenye jiriwa kimoja kimoja, nikavipasua kwa msumeno wa chuma kuanzia kitakoni. Risasi ni laini, inakatika kama jibini iliyokauka. Vingi vilikuwa vizima. Halafu kimoja kikafunguka na karibu na kitako kilikuwa na tundu, dogo kama kichwa cha pini. Kilitoka mfereji wa katikati kabisa, uzito wake sawasawa na wa jirani yake aliyekuwa mzima mpaka ndani.

Papa aliviweka viwili hivyo kiganjani akavitazama muda mrefu. Murtaza alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, kwa sababu msumeno ulikuwa na kelele. Alikwenda ofisini, akarudi na kalipa yake ya kupimia unene, ya tangu masomoni, ile ya kwenye kijaluba cha mbao, akapima kiuno cha kile kibovu, kisha kiuno cha kile kizima.

"Huyu mnene," alisema. "Huyu mwembamba. Hawa si wa tumbo moja."

Tukaelewa wote watatu karibu kwa pamoja. Kalibu ya pili, pamoja na kuwa ya aina ileile, ilikuwa finyu kidogo kuliko ya kwanza. Vichwa vyake vizima vilikuwa vyepesi kidogo. Basi kichwa kinene cha kalibu ya kwanza kikiingiwa na hewa, kikapungua uzito, hakikuangukia mkiani. Kiliangukia kwenye mfereji wa vizima vya kalibu ya pili na kujificha humo. Mizani ilikuwa haijadanganya hata siku moja. Sisi ndio tulioipa koo mbili tukaiambia ni moja.

"Kwa hiyo mukono wangu?" Papa alimuuliza Murtaza.

"Mkono wako hatuujui bado, Papa," Murtaza alisema. "Na mimi nimeusema kabla ya kuujua. Samahani."

Papa alichukua msumari mkali, akagonga nukta ndogo ndani ya kalibu ya pili, ili kila kichwa kitakachotoka humo kizaliwe na alama. Ndiyo ile nukta mnayoiona mpaka leo, na sababu yake ndiyo hiyo. Tukatengeneza ubao wa pili. Kwanza unatenga kwa kalibu, ndipo unapima. Vilima viwili vikasimama, vyembamba, na kati yao na mikia yao pakawa na uwazi wa kupitisha kidole. Bwana Walter alituletea karatasi mpya. Hakuna wa tano aliyekwenda zake. Murtaza aliibandika moja ukutani na habari ya maboksi haikusikika tena.

Ningeweza kuishia hapo, na Murtaza akisimulia huishia hapo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye ubao.

Sasa kwa kuwa vilima vilikuwa safi, nilianza kuona mambo. Kwa udadisi tu nilipima trei za asubuhi peke yake na za alasiri peke yake. Za asubuhi zilikuwa kilima tupu, mkia hakuna. Za alasiri zilikuwa na mkia, tena si mfupi. Nilipima Hakimu. Nilipima tena. Nikabaki na vichwa vyepesi kiganjani, nikitazama chungu cha kurejeshea vibovu kilichokuwa karibu na goti langu. Ningevidondosha humo na hakuna mtu angejua. Bwana Walter asingevipata kwa vyovyote.

"Weka yote," Papa alisema nyuma yangu.

"Papa, hivi vinarudi chunguni tu."

"Vitarudi. Kwanza weka yote, minataka kuona."

Nikavilaza kushoto, kimoja kimoja. Alivua miwani ya kazi, akavaa ya kusomea, akainama juu ya ubao wa asubuhi, kisha juu ya ule wa alasiri. Hakuwa na sura ya mtu aliyepewa habari mbaya. Alikuwa na sura ya mtu anayesoma gazeti.

"Kuanzia saa nane," alisema. "Saa nane mukono unasema basi. Minausikia, lakini nilikuwa sijauona."

Siku iliyofuata alimimina asubuhi, akiimba kama kawaida. Tulipotoka kula, akanawa, akarudi, akauweka upawa juu ya meza mpini ukinielekea mimi, akaondoa mkono. Kisha akakaa kwenye kiti changu mbele ya mizani.

"Mchana ni weye," alisema. "Na hapana imba. Nimesikia sauti yako."

Murtaza alipita, akatuona tumebadilishana, akasimama kidogo, akaenda zake ofisini. Nadhani hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyofanya kama mwenye karakana, na amefanya mengi. Papa alikaa kwenye mizani miaka mingine, na hakuna aliyewahi kupima vizuri kama yeye. Magoti ndiyo yaliyomtoa mwishowe, ngazi za basi, si mikono.

Mimi nilibaki kwenye chungu mpaka mwishoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Mnashangaa mtu asiyetulia alitulia vipi. Sikutulia. Kila asubuhi nilitaka kujua kilima kitakuwaje.

Nyie wengine mlikuja wakati huo, na Aline, aliyetoka Bujumbura kupitia kambi mbili na kiwanda kimoja cha plastiki, ndiye aliyeshika ubao. Yeye ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Mwaka huu wa mwisho kilima changu kilikuwa kizuri sana. Kizuri mno. Mimi nimemimina miaka, najua hakuna mtu anayemimina trei baada ya trei bila mkia hata wa kichwa kimoja. Asubuhi moja nilitua upawa, nikaenda mezani kwake.

"Aline, mfukoni mwa aproni kuna nini?"

"Leso, Mzee Rajabu."

"Leso haivuti aproni chini namna hiyo."

Alinitazama, kisha akatazama mlango wa ofisi. Akatoa kiganja kizima cha vichwa vyepesi, vina joto la mwili wake.

"Ni vya kurudisha chunguni tu," alisema.

"Nafahamu. Weka yote."

Aliviweka kimoja kimoja upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayepanga sahani za wageni asiowataka. Nikavaa miwani ya kusomea. Ulikuwa mkia mrefu, na ulikuwa wa asubuhi, saa tatu hata haijafika. Kwa hiyo mimi sikuwa na nusu siku ya kuokoa kama Papa. Nilipima Hakimu, kwa heshima tu.

"Hivi ni vya leo peke yake?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema. "Tangu theluji iyeyuke."

"Umepima vizuri."

Nilimalizia trei iliyokuwa nusu, kwa sababu trei haiachwi nusu. Nikaufuta upawa, nikauweka juu ya meza, mpini ukimwelekea yeye, nikaondoa mkono wangu. Alikaa kidogo bila kuugusa. Halafu akavaa glavu.